Finjani Juu ya Pipa

Katika Deir Zaarur nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kunishinda kwa bei, naye ni Bi Wasfiya mkunga. Alinishinda mara nne, na kila mara mke wangu alikuwa ndani anauma shuka, na yeye kasimama kizingitini, mfuko wake wa ngozi kwapani, haingii.

"Mitungi miwili ya mafuta, Baba Zeidani."

"Mama, mwaka huu mizeituni haikuzaa."

"Basi na mkeo naye asizae. Tutaonana mwakani."

Ungesema nini? Nilitoa mitungi miwili. Mimi ni mtu niliyeanza na punda mmoja kilema, nikafika nyumbu sita, duka na ghala la ufuta, na sikufika huko kwa kulipa bei ya kwanza. Lakini yule mama alijua jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui: kwamba bei haimo katika kitu, imo katika saa.

Mumewe, Ata, alikuwa mchimba visima. Mwaka wa lile tetemeko kubwa kisima kilimfunika, na walipomfikia alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, imara kama mtu anayesubiri kuvutwa. Bi Wasfiya akabaki na mtoto mmoja wa miaka miwili, Rukaya. Hakuolewa tena. Alisema ameshaona wanaume wote wa kijiji hiki wakiwa uchi na wanalia, na hakuna aliyemvutia.

Rukaya alipokua aliolewa Tina, kitongoji cha ng'ambo ya bonde, kwa Hamdani mwenye mbuzi. Ukikaanga kitunguu Tina, sisi huku tunajua. Hatua mia mbili, labda mia mbili na ishirini. Mama mkwe wake, Bi Sabha, alikuwa mwanamke mwenye ulimi wa kiwembe, na yeye na Bi Wasfiya walitukanana kwa moyo safi kila wiki sokoni, kama wengine wanavyosali.

Mtoto wa kwanza wa Rukaya alitanguliza miguu, akazaliwa maiti. Wa pili aliishi mpaka adhuhuri. Siku hiyo damu ya Rukaya haikutaka kusimama, na Bi Wasfiya alikaa na ngumi yake tumboni mwa mwanawe tangu jua lilipokuwa dirishani mpaka lilipofika mlangoni, hasogei, hasemi. Damu ilipokata, akamwinamia binti yake, akamwambia: "Wa tatu usimzae bila mimi. Hata nikiwa nimekufa, nichimbueni."

Wa tatu alikuja na mwaka wa mstari.

*

Vita vilikuwa vimesimama, lakini kusimama si kwisha. Askari wa Iraki waliokuwa kwetu waliondoka, wakaja askari wa mfalme wa ng'ambo ya mto Yordani. Chini, baada ya Tina, walikuwa Wayahudi na serikali yao mpya. Kisha redio ya pale kwenye duka la kahawa ikasema kwamba mabwana wamekaa katika hoteli kisiwani Rodosi, wametia saini, na kutakuwa na mstari. Upite wapi, redio haikusema.

Hofu ya risasi naijua. Unasikia mlio, unajua ilikotoka, unalala chini. Hofu ya karatasi ni nyingine. Watu walianza kuongea kwa sauti ndogo majumbani mwao wenyewe. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikumbuka ghafla kwamba ana shangazi mgonjwa Nablus, akaenda kumwona na magodoro yote. Wanawake walishona pete katika pindo za nguo. Mimi nilianza kuuza ufuta wangu kwa bei ya hasara, na mimi nikiuza kwa hasara, watu wanajua mambo yameharibika.

Likaja hema. Watu wa Umoja wa Mataifa walifika na vigari vyao vyeupe, wakalipiga kwenye uwanja wetu wa kupuria, bendera juu. Mkubwa wao alikuwa kapteni wa Kibelgiji, Devroye, kijana mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Mkalimani wake alikuwa Muarmenia wa Yerusalemu, Hagop. Walisema watakaa siku saba, wasikilize malalamiko, kisha watapanga mapipa kufuata mstari.

Nilikwenda siku ya kwanza kuuza shayiri kwa wapishi, nikaiona ramani mezani. Mstari ulichorwa na mtu mwenye penseli butu. Nilipopima kwa ukucha, ule upana wake peke yake ulikuwa umemeza bonde zima, kisima, na Tina yote mpaka kwenye mzeituni mkubwa wa kwao. Nilimuuliza Hagop: "Ukingo upi wa penseli ndio mstari? Wa juu au wa chini?"

Hagop akacheka cheko la mtu asiyelala vizuri. "Baba, ungekuwa Rodosi ungewasaidia."

Nikamwambia Bi Wasfiya. Hakulia. Alivaa joho lake la arusini, lile lenye nakshi nyekundu kifuani, akasema: "Twende. Wewe ni mwanamume wangu leo, Mungu anisamehe. Utakaa kimya mpaka nikukanyage mguu."

*

Sasa elewa desturi yetu, maana kila kitu kilining'inia hapo. Mtu akienda kwa mkubwa na haja nzito, iwe damu, iwe mke, iwe amani, huletewa kahawa. Haigusi. Anaiweka chini mbele yake, na mwenye nyumba anajua: huyu ana haja. Mgeni anaieleza. Mwenye nyumba akikataa, kahawa inapoa, mgeni anaondoka na njaa ya jibu lake. Akikubali, anasema neno moja: kunywa. Akishasema kunywa, imekwisha. Hakuna saini inayoshinda hiyo. Nimeona mtu akimwambia kunywa muuaji wa nduguye, na tangu siku hiyo hakumgusa, ingawa kila walipokutana njiani alilazimika kugeuza uso.

Tuliingia hemani. Walikuwa wametangulia watu hamsini siku hiyo. Hagop macho yamemvimba. Mpishi, kijana wa Tulkarem, akaleta kahawa katika finjani kwa sababu Kapteni alipenda mambo yafanyike kienyeji. Bi Wasfiya akapokea finjani yake kwa mkono wa kulia, akaiweka chini kwenye mkeka, mbele ya magoti yake, taratibu. Mimi yangu nikaiweka vilevile.

Akaeleza. Binti yake yuko Tina, mimba ya miezi minane, wa kwanza alikuja kwa miguu, wa pili kwa damu. Haombi ardhi. Anaomba mstari upite chini ya Tina, kwa ule ukingo wa chini wa penseli, ili yeye aweze kuvuka bonde usiku na mchana kama alivyovuka siku zote.

Hagop alitafsiri. Kapteni alisikiliza, nakiri, alisikiliza vizuri, hata akaandika kitu. Alimtazama mama yule kwa huruma. Kisha macho yake yakashuka kwenye mkeka, akaona finjani imejaa. Akatabasamu, akaonyesha kwa mkono, akasema maneno mawili matatu.

"Anasema usiwe na wasiwasi, Mama," Hagop akatafsiri, "anasema kunywa. Kunywa, itapoa."

Bi Wasfiya alimtazama Kapteni muda mrefu. Akainua finjani, akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Akainama, akambusu yule kijana begani. Kapteni akawa mwekundu mpaka shingoni.

Nje nilimwambia. Sitaki kusemwa kwamba sikumwambia. Nilimwambia: "Bi Wasfiya, hawa nimefanya nao biashara tangu enzi za Mwingereza. Wao humwambia kila mtu kunywa. Wanamwambia hata mwizi. Kwao ni adabu tu, kama kusema habari za asubuhi."

"Alisikia haja yangu?"

"Aliisikia."

"Aliona sijanywa?"

"Aliona."

"Akasema kunywa?"

"Akasema, lakini—"

"Basi wewe ndiye hujui watu, Baba Zeidani, unajua nyumbu. Macho yake yalikuwa na maji. Mtu hawezi kusema neno hilo kwa mwanamke mzee kisha akageuka."

Zilibaki siku sita, na njia ya bonde ilikuwa wazi kwa siku hizo zote. Hamdani alituma neno: nimlete Rukaya juu kwenu, azalie huko? Nilikuwa na nyumbu mpole, wa kubeba mwenye mimba bila kumtikisa. Bi Wasfiya akajibu: mwache. Kwa nini mjamzito apandishwe mlima na jambo limekwisha?

Ningeweza kubishana zaidi. Hili nitalisema mara moja tu: wiki ile nyumbu wangu wote sita walikuwa wanashusha ufuta na vyombo vya watu Tulkarem, na kila aliyekimbia alilipa bila kubisha. Kukataa kwake kulinifaa. Nilimwacha aamini.

*

Siku ya nane yakaja mapipa. Matupu, ya mafuta ya gari, yamepakwa chokaa na kujazwa mawe. Waliyapanga katikati ya bonde, upande wetu wa kisima. Ukingo wa juu wa penseli, na Tina ikabaki kwao.

Bi Wasfiya aliteremka mbio, pindo la joho mkononi, akamkuta Hagop anasimamia. Sikusikia alichouliza. Nilimwona Hagop akivua kofia, anaongea, anaonyesha ramani, anavaa kofia, anaivua tena. Bi Wasfiya alirudi akinipita kana kwamba mimi ni mti. Jioni alikuja mlangoni kwangu.

"Ulisema kweli," akasema. "Sasa nipe nyumbu."

"Nyumbu wa kwenda wapi, Mama? Kumefungwa."

Na kulikuwa kumefungwa kweli. Siku mbili baadaye Awadi mchungaji alimfuata mbuzi wake mmoja hatua kumi kupita pipa. Ulisikika mlio mmoja. Alilala pale siku mbili, hakuna aliyejua ni kazi ya nani kwenda kumchukua, kwa sababu alikuwa amelala juu ya mstari wenyewe. Tangu hapo hata mbwa wetu walilielewa bonde. Watu walifunga madirisha ya upande ule. Mke wangu alitundika blanketi juu ya dirisha lililofungwa. Nikamuuliza blanketi linazuia nini. Akasema linamzuia yeye asitazame.

Upande wetu alikaa Sajini Mutlaki wa jeshi la mfalme, Bedui wa jangwani huko mashariki, na vijana wanne, na dele lake la kahawa juu ya moto kutwa kucha. Aliniambia bila chuki: "Mzee, nina amri. Anayevuka kwenda, ni jasusi. Anayevuka kuja, ni jasusi. Nikimpiga nitasikitika, lakini nitampiga."

Upande wa pili walikuwa wanabadilishana zamu wawili. Wa alasiri hatukumjua jina, tulimjua kwa kazi: ndiye aliyempiga Awadi. Wa asubuhi mimi nilimjua. Nilimtambua kwa mwendo, bega moja chini. Alikuwa Shabtai, mtoto wa Myahudi mtengeneza matandiko wa Tabaria. Baba yake alinishonea tandiko la kwanza la nyumbu, na Shabtai ndiye aliyekuwa anashika taa. Anaongea Kiarabu kama sisi, anatukana kama sisi, bora kuliko sisi. Majirani zake Waarabu wa Tabaria walikuwa wameondoka wote mwaka uliopita kwa siku moja. Na nduguye mdogo alikuwa ameuawa barabarani na watu wetu. Nilijua yote mawili. Kwa hiyo nilipomwona sikumpungia mkono.

*

Blanketi jekundu lilionekana juu ya paa la Hamdani jua likiwa ndio kwanza linatoka. Ndiyo ilikuwa ishara yao kwamba uchungu umeanza. Bi Wasfiya alikuwa kwenye kituo cha Mutlaki kabla sijavaa viatu, mfuko wa ngozi kwapani.

"Mwanangu," alimwambia Mutlaki, "mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, na ndiye aliyenifundisha kutii. Usinijaribu, Mama."

Bi Wasfiya akasimama kwenye ukingo wa bonde, akaweka mikono mdomoni, akaita. Sauti yake ilikuwa kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha wanaume watoke chumbani.

"Hamdaniii! Uchungu umeanza lini?"

Hamdani akatoka uani. "Alfajiri! Mama yangu anasema maji yamekwisha kumwagika!"

"Kichwa kiko wapi? Mwambie apapase!"

Akaingia, akatoka. Mtu mzima, mwenye masharubu, anasimama mbele ya mataifa mawili. "Anasema... anasema chini anagusa kitu laini!"

"Laini kama nini?"

Akawatazama askari wa huku na wa kule. Halafu: "Matako!"

Vijana wa Mutlaki walicheka. Mutlaki aliwatazama, wakanyamaza. Bi Wasfiya alikaa chini kwenye jiwe kama aliyekatwa miguu.

Ng'ambo Shabtai alikuwa amesimama na bunduki, anatazama. Akapaza sauti: "Kelele za nini? Nyamazeni! Nina amri, hakuna kuzungumza kuvuka mstari!"

Nikaangalia jua. Zamu yake huisha adhuhuri. Baada ya hapo anakuja yule mwingine. Nikafanya hesabu ninayoijua: nani ana nini, na nani anataka nini. Hatukuwa na kitu. Fedha zetu hazikuwa na thamani kwa watu wale, na askari anayeogopa mkubwa wake hanunuliki kwa mafuta.

Bi Wasfiya akainuka. Akaenda kwenye moto wa Mutlaki, akachukua finjani, akamimina kahawa kutoka katika dele. Mutlaki hakumzuia. Bedui hamzuii mtu kahawa hata kama ni adui. Akaanza kuteremka bondeni nayo, hatua fupi, asimwage.

"Mama!" Mutlaki akapiga kelele. Akainua bunduki. "Mama, mwisho ni pipa!"

"Najua kuhesabu mapipa," akajibu bila kugeuka.

Nikamfuata. Usiniulize kwa nini, sikuwa na faida pale. Nilisikia bunduki ya mbele ikikokiwa na ya nyuma ikikokiwa, na nikaona kokoto za njia ile moja moja, nakumbuka rangi zao mpaka leo.

Akafika. Akaiweka finjani juu ya pipa jeupe, akarudi nyuma hatua moja, akafumbata mikono.

Shabtai alikuwa hatua kumi. Aliitazama finjani. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumempata mtu, na tumempata vibaya, kwa sababu uso wake ulibadilika. Yule Mbelgiji aliona kahawa. Huyu aliona kahawa isiyonywewa.

"Toa hicho," akasema.

"Sitoi."

"Mama, nakuomba. Toa."

"Una mama, mwana wa Tabaria?"

"Ninaye. Ana watoto wawili, mmoja kaburini. Usinizungushe, sema haja yako."

"Mtoto katanguliza matako. Mwanangu atakufa. Nipite."

Shabtai akaangalia nyuma yake barabarani, akatuangalia, akanitambua. "Ni wewe, mwenye nyumbu," akasema. "Hili umemfundisha wewe?"

"Amenifundisha yeye," nikasema. "Tandiko la baba yako ninalo bado."

"Usinitajie baba yangu! Baba yangu angesema neno hilo hapo hapo, hata kama wangemfunga. Ndiyo maana alikufa maskini." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Sikiliza, Mama. Siwezi kukwambia unywe. Nikisema nitakuwa nimekupa, na bonde hili si langu nikupe. Atakuja mwenzangu adhuhuri. Nikisema kunywa kisha yeye akupige, neno langu litakuwa nini?"

Miaka yote nimenunua na kuuza maneno ya watu, sijawahi kusikia kukataa kulikokuwa na uzito kama kule. Kapteni alilitoa neno lile bure. Huyu alilishika kama mtu aliyeshika kaa la moto na hana pa kuliweka.

"Lakini Kiarabu," akasema, akageuka upande, "leo sikisikii vizuri. Masikio yananiuma mpaka adhuhuri. Piga kelele."

*

Bi Wasfiya akapiga kelele pale pipani, finjani mbele yake.

"Sabha! Mpigishe magoti! Magoti na mikono, kama mbuzi!"

Hamdani akaingia, akatoka. "Mama anasema yeye hakuzaliwa jana!"

"Mwambie kazaliwa zamani mno, ndiyo hofu yangu! Apake mafuta mikono! Asivute! Akivuta namng'oa macho! Aache mwili utoke wenyewe!"

"Anasema miguu imetoka!"

"Asivute! Kitambaa cha moto! Amfunike mgongo!"

Ikaenda hivyo. Jua likapanda. Sauti ya Bi Wasfiya ikaanza kukwaruza, kisha kupasuka. Ndani ya nyumba ile Rukaya alipiga ukelele mmoja uliofika kwetu bila kupungua, halafu hakupiga tena. Hamdani akatoka. Hakuweka mikono mdomoni. Alisimama tu.

"Hamdani! Sema!"

"Mikono imekwama!" Alikuwa analia. "Mkono mmoja umezunguka nyuma ya shingo! Mama anasema haujui huo! Anasema... Mama Rukaya, anasema tafadhali!"

Bi Sabha hajawahi kusema tafadhali kwa mtu.

Na mbali, kule chini barabarani, nikaona vumbi. Gari la zamu. Lilikuwa bado dogo kama ngumi.

Bi Wasfiya hakupiga kelele tena. Alimtazama Shabtai. Shabtai alikuwa ameona vumbi kabla yangu. Midomo yake ilikuwa inatembea, sijui anahesabu au anasali. Nikahesabu mimi pia: kutoka pipani mpaka mlango wa Hamdani, mama wa miaka sitini, kupanda. Gari, kwenye barabara mbovu. Hesabu hizo mbili zilikaribiana mno.

"Ukivuka," Shabtai akasema upesi, "hutarudi. Unaelewa? Nitakuandika ni mtu wa Tina, uliyezaliwa Tina, uliyekuwa Tina siku zote. Ukionekana upande ule tena, ni mimi nitakayefungwa na ni wewe utakayepigwa. Nyumba yako, kaburi la mumeo, yote ya kule basi. Unaelewa?"

"Kahawa inapoa," Bi Wasfiya akasema.

Akafumba macho, yule kijana. "Kunywa," akasema.

Alikunywa kwa mkupuo. Akaipindua finjani juu ya pipa, akanisukumia kitu mkononi, ufunguo wa nyumba yake, na akavuka. Nikageuka kumtazama Mutlaki kule juu, bunduki begani, jicho moja limefumbwa. Mgongo wa Bi Wasfiya ulikuwa mpana, mweusi, unapanda polepole, mtoto asingeukosa. Nikangoja mlio. Sijawahi kungoja kitu hivyo. Mutlaki akashusha bunduki, akainama juu ya moto wake, akaanza kupuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

Aliingia mlangoni. Gari likafika. Nilikuwa nimeshapanda upande wetu, nimelala nyuma ya jiwe kama kenge, nikamwona Shabtai akipiga saluti, akionyesha Tina kwa kidole, akaandika kitu kwenye karatasi juu ya boneti ya gari. Yule mwingine akacheka. Akaiona finjani juu ya pipa, akaipiga kwa kitako cha bunduki, ikavunjika.

Hatukusikia lolote mpaka kivuli cha mzeituni mkubwa kilipofika ukuta wa Hamdani. Halafu sauti ya Bi Sabha, kali kama siku zote, ikivuka bonde lenye askari kana kwamba hawapo:

"Enyi watu wa Deir Zaarur! Mjue kwamba mkunga wenu amekuja amechelewa, kachafua nyumba yangu yote, na anadai mitungi miwili ya mafuta kwa mjukuu wake mwenyewe! Msichana! Wote wawili wazima!"

Mkono wa kushoto wa yule mtoto ulibaki mlegevu. Lakini anaishi.

Bi Wasfiya hakurudi. Jina lake liko katika orodha yao, mtu wa Tina. Nyumba yake naitunza mimi, naweka shayiri ndani, na kaburi la Ata napalilia mara moja kwa mwaka, kazi nisiyomfanyia mtu mwingine bila malipo. Kwetu wanawake wanne walikufa uzazini mwaka uliofuata. Kijiji kiliuza mkunga kwa finjani moja. Shabtai alihamishwa majira ya baridi, sikumwona tena.

Mwisho wa kiangazi Kapteni Devroye alikuja kukagua mapipa, pua imebabuka vilevile. Alipita dukani kwangu na Hagop, watu wamejaa. Aliuliza kwa wema: yule mama mwenye nakshi nyekundu, mambo yake yaliishaje? Nikamwagiza kijana alete kahawa. Ilikuwa ya moto sana. Kapteni akaigusa kwa mdomo, akaiweka chini mbele yake bila kunywa, akawa anangoja ipoe, anatutazama kwa tabasamu.

Watu ishirini waliitazama ile finjani, kisha wakanitazama mimi. Hagop naye akaacha kupepea kofia yake, mara yake ya kwanza kuelewa.

Niliketi, nikaweka mikono mapajani. Hakuna aliyemwambia anywe.